Hadithi Iliyowasha Moto wa Vitumbua

Keko, Jumanne. Manyunyu tangu alfajiri, na mie nimechoka hata kalamu naiona nzito.

Hadithi yangu imeungua. Yote. Sikuwa na nakala nyingine.

Ilivyokuwa ni hivi. Jana zilivuma habari kwamba askari wanapita nyumba kwa nyumba kutafuta magazeti yaliyopigwa marufuku na serikali. Kaka yangu Salumu, kuli wa bandarini, analo moja la Kiarabu, kapewa na baharia Mmisri. Mwenyewe Kiarabu hakijui, anapenda tu kuwa nalo. Leo asubuhi yeye kaenda bandarini, mie kwa fundi ninakoshonea, Bibi kabaki peke yake na hofu yake.

Bibi hasomi herufi za Kizungu. Anasoma za Kiarabu tu, zile tulizofundishwa sote chuo cha Kurani. Basi kachagua kwa namna anayoijua. Kila karatasi yenye herufi za Kizungu kaitia jikoni, kawashia moto wa vitumbua. Yenye herufi za Kiarabu kaibusu, kaifunga kitambaa cheupe, kaiweka juu ya kabati pamoja na msahafu. Kwa Bibi, herufi za Kurani hazitiwi motoni, hata iweje.

Askari wakaja kweli. Wakapekua mpaka chini ya vitanda. Walipofika kwenye kitambaa, mkubwa wao akauliza kuna nini humo.

"Maneno ya Mungu, baba. Una udhu?"

Hakuwa nao, na msahafu haushikwi bila kutawadha. Wakaaga kwa heshima, wakaenda zao, na gazeti walilokuwa wakilitafuta likabaki limelala salama salimini ubavuni mwa msahafu.

Mie nimerudi, nimempa shikamoo yake, nimekula kitumbua, ndipo nikauliza karatasi zangu ziko wapi.

"Nimekuokoa, mjukuu wangu," kanijibu, na uso umemchangamka! Salumu, naye kesharudi bandarini, kacheka hadi kakaa chini. Mie nikasema ahsante, Bibi. Ningesema nini?

Hadithi yenyewe ilikuwa ya nchi ambayo mtawala wake anaogopa vitabu, kaamuru vyote vichomwe. Nimeiandika tangu mfungo wa mwaka jana, kila nikitoka kazini, macho yakiniwasha kwa uchovu wa sindano. Wachomaji wote niliwavika sare na mabuti. Hakuna hata mmoja aliyevaa kanga. Hakuna aliyechoma kwa mapenzi.

Jamani, nimelia bafuni, nikamwaga maji kwa kelele ili asinisikie. Nimemkasirikia Bibi, nikajikasirikia mwenyewe, sasa nimechoka tu.

Kumlaumu siwezi. Yuko uani anaosha vyombo na kuimba kidogokidogo, na tangu jana hakuwa ameimba.

Nitaiandika upya. Kiswahili kilekile, ila kwa herufi za Kiarabu. Mwandiko wangu ni mbovu, mwalimu wa chuo kanichapa sana kwa ajili yake, lakini karatasi hizo humu ndani hakuna atakayezichoma.

Ila Bibi ataweza kuzisoma. Atafika pale ambapo mwanamke mwenye kanga anawasha moto, maana safari hii lazima awemo.

Je, atazibusu?