Kiti cha Mzaliwa wa Kwanza

3 Novemba

Binti yangu,

Huku tu wazima. Mama yako anakohoa kidogo, lakini sauti ya kugomba bado anayo. Wewe je, afya na masomo?

Sikukuu ya ukoo ni mwezi ujao. Wewe ni mzaliwa wa kwanza: utawaandalia wageni tangu asubuhi, wala hutaonja kitu mpaka wa mwisho ashibe. Babu yako alifanya hivyo, nami nikafanya. Mwaka jana ulianguka na sinia mbele ya watu. Shangazi yako hadi leo anasema falsafa imekulegeza magoti. Safari hii njoo mapema, upumzike, utufutie aibu ile.

Baba yako

14 Novemba

Baba, shikamoo.

Kama Mama anagomba, basi najua yuko salama.

Falsafa haikuniangusha. Daktari wa chuo amenipima: nina kisukari. Najidunga sindano kila siku, na nikishinda na njaa naweza kuzimia nisiamke. Safari ya basi naiweza. Nitabeba chakula changu. Nisiloliweza ni sinia. Mwalimu wetu alituuliza kama desturi ipo kwa ajili ya watu, au watu kwa ajili ya desturi. Nilidhani ni swali la mtihani tu.

Nikiruhusiwa kula, nitakuja. Nisiporuhusiwa, siji.

Mwanao

22 Novemba

Binti yangu,

Pole kwa ugonjwa. Mama yako anakusalimu. Tangu asome barua yako hagombi.

Sikukupeleka chuo ujifunze kunijibu. Mwombe daktari dawa ya kukuvusha siku hiyo moja. Mwacha mila ni mtumwa.

Baba yako

1 Desemba

Shikamoo, Baba.

Mimi mzima, kwa kuwa nimekula.

Dawa ya siku moja haipo. Nilimuuliza daktari, akacheka, kisha akaacha kucheka. Na huyo mtumwa unayemtaja, Baba, si ndiye anayewalisha wengine akiwa na njaa, wala hana ruhusa ya kukataa?

Siji. Mwambie Shangazi magoti yangu ni imara.

Mwanao

29 Desemba

Binti yangu,

Hujambo? Sisi hatujambo, ila Shangazi yako amenuna.

Kwa kuwa hukuja, nilibeba sinia mwenyewe, maana nami ni mzaliwa wa kwanza. Kufikia adhuhuri mikono ilikuwa ikitetemeka, na mchuzi ukamwagika. Shangazi yako akasema, "Kaka, nawe umesomea falsafa?" Wageni wakacheka. Mama yako hakucheka.

Nilivuta kiti kutoka jikoni, nikaketi katikati yao, nikala. Wengi walikuwa bado hawajapakuliwa. Mzee mmoja akaniuliza, "Desturi imekwenda wapi?" Nikamjibu, "Imeketi hapa. Inakula."

Kiti kile sijakirudisha jikoni. Mwakani ni chako. Usihangaike kubeba chakula. Utakuta umeshapakuliwa, wa kwanza kuliko wote. Shangazi yako ndiye atakayebeba sinia, maana magoti yake anayasifu sana.

Leo umeshakula?

Baba yako