Mgeni wa Miaka Ishirini

Milimani Sumatra, Indonesia, 1991

Kaka Kalisti wa Remera,

Mafunzo ya mpunga yanaendelea, na mvua ya huku haina adabu. Jana mwenyeji wangu, wa kabila la Minangkabau, alinikaribisha chakula. Nikamsifia mashamba yake, na nyumba yenye paa lililopinda juu kama pembe ndefu za ng'ombe wetu wa inyambo. Mkewe akacheka hadi akaangusha mwiko.

"Vyote ni vya mke wangu, kapewa na mama yake," akasema mwenyeji. "Mimi hapa ni mgeni kama wewe, ila nimekaa miaka ishirini."

Kwao ardhi hurithiwa na mabinti! Mkewe akaniuliza, "Dada yako kapata mashamba mangapi?" Nikajaza nyama mdomoni nisijibu. Pilipili ikanitoa machozi. Wakadhani namwonea dada huruma, wakaniongeza nyama.

Sasa lile shamba la baba la Gahanga tugawane sisi wawili kama tulivyopanga, na dada Felisita asiione kadi hii.

Lo! Kumbe ni yeye anayechukua barua posta, na kadi haina bahasha. Dada, hujambo? Upande wa migomba ni wako. Nisalimie wote, na kaka mpe pole.

Mdogo wenu,
Inosenti