Marjut, Niliona Nikanyamaza

Mwaka umetimia leo, Marjut mwanangu, tangu tukuzike. Ardhi ilikuwa imeganda, ikabidi ipashwe moto kwanza ndipo ikubali kuchimbwa.

Miaka ishirini na minane uliwapikia watoto wa shule ya kijiji. Aliyependa ukoko wa uji wa shayiri ulimwekea. Ukisimulia kisa, ulicheka kabla hujakimaliza.

Barua ya kliniki ya kupimwa matiti ilikuja, siku na saa vimeshaandikwa, kazi yako kwenda tu. Ilikuwa wiki ya hilla, yale matunda yetu ya kinamasini. Ukaniambia, “Mama, hilla zikiiva hazimngoji mtu. Na matiti haya yamenyonyesha wanne, yanataka kupumzika, siyo kupigwa picha.” Nikacheka nawe. Tukajaza ndoo sita.

Kiangazi kilichofuata tulikuwa saunani, chumba chetu cha kuogea mvuke wa mawe ya moto. Uliinua mkono kujimwagia maji, nikaona ngozi ya titi imebonyea, kama kinyunya kilichotiwa kidole. Sikusema. Kwetu saunani mama na binti hukaa uchi, lakini mwili wa mwenzio huusemi. Ndivyo nilivyofunzwa, ndivyo nilivyokufunza. Nikakuomba unipitishie ndoo.

Nilinyamaza hadi Krismasi, ndipo nikakuambia uende ukapimwe. Daktari akasema saratani imeshaingia mifupani. Ulidumu miezi kumi na minne. Wengine huandika kwamba marehemu alilala kwa amani. Wewe hukulala, mwanangu, na mimi nilikuwepo.

Baada ya mazishi, dada yako Sisko naye akaletewa barua. Akaitupa dirishani. Nikamuuliza tukiwa saunani, “Unakwenda lini?”

“Mama, hapa si mahali pa maneno hayo.”

“Ni hapa hapa. Dada yako nilimwona akiwa amekaa hapo ulipokaa wewe, nikafunga mdomo.”

Akamwagia mawe maji mengi, mvuke ukatuficha. Asubuhi akapiga honi mlangoni: “Haya bibi kizee, panda, usije ukanisumbua tena.”

Mashine iliona punje ambayo jicho langu wala vidole vyake visingeigundua. Imeondolewa. Yupo, analalamika kwamba kahawa yangu ni maji matupu.

Amepona kwa sababu wewe ulikufa. Ningesema mapema, leo ningekuwa nanyi wawili.

Tunaokukumbuka ni mimi mama yako Hilja, mumeo Veikko, dada yako Sisko, na wanao Outi, Petteri, Anniina na Lasse.

Siku zetu zote tutakukumbuka, na hatutanyamaza.