Kamba Wadogo wa Ignazio

Jumatatu, 8 Julai 2024

Ignazio karudi na kamba bapa wadogo tele, hata kidole changu cha mwisho hawafiki. Kaka yake, Sarino, kawaona gatini. Umevua watoto, kasema, mbele ya watu wote — na tulikubaliana kisiwa kizima kwamba watoto warudi majini. Ignazio, mume wangu, kajibu: hawa ni aina ndogo, ndio ukubwa wao.

"Sawa, bwana," Sarino kasema. "Basi na mimi bado mtoto."

Watu wakacheka. Ignazio kawatia kamba wake kwenye tenga, kalizamisha palepale gatini. Sijui nimwamini nani.

Jumanne, 9 Julai

Mama Benedetta, mama yao, hataki kuamua. "Mimi nawatia kwenye supu tu, mwanangu. Sijawahi kuwauliza umri."

Ijumaa jioni wavuvi wanakutana. Sarino anataka ndugu yake afukuzwe kwenye mwamba wa kusini. Mwamba wenyewe ndio maisha yetu!

Alhamisi, 11 Julai

Nimempigia Letizia wa hifadhi ya bahari. Angalia mayai chini ya mkia, kasema — mtoto hazai. Wasio na mayai, wageuze: kwenye kifua, katikati ya miguu ya mwisho, aina ndogo ina kinundu kilichosimama, kimebanwa ubavuni. Mtoto wa aina kubwa, kinundu chake kifupi, butu.

Nimelitoa tenga majini, nimevaa miwani ya Mama. Wa kwanza — mayai, rangi ya chungwa! Wa pili, mayai. Nikataka kupiga kelele. Wa tatu hana. Kinundu... kimesimama? Au kimelala? Nimemgeuza mpaka kaniparua.

Ijumaa, 12 Julai

Asubuhi nimewarudia wote, kwenye mwanga. Sasa naona tofauti, na afadhali nisingeona. Wengi ni aina ndogo. Lakini wengine vinundu butu, kabisa. Watoto.

Kwa hiyo Ignazio hakudanganya. Na Sarino hakumsingizia. Nimewatenga, sahani mbili: aina ndogo na mayai yao huku, watoto huku.

Ignazio kaziangalia, halafu: "Peleka hiyo ya mayai mkutanoni. Hiyo nyingine mwaga."

"Nikiulizwa?"

"Nani atakuuliza? Kinundu wanakijua wao?"

Kaingia kuvaa shati. Chini namsikia Sarino, kaja kumchukua mama yao. Mama, aliyeziona sahani asubuhi, anamwambia: panda, shemeji yako yuko juu, ana jambo la kukuonyesha.

Sahani zote mbili bado mezani. Ignazio ananiita, anauliza kama nimeshamwaga. Sarino yuko kwenye ngazi.