Usiuze Shamba la Mtoni kwa Mifuko Kumi na Minne

Buxton, Mombasa
Jumatano, mchana

Mama yangu,

Shikamoo. Goti laendeleaje? Yale mafuta niliyokutumia unapaka kweli, au umeyaweka kabatini yawe ya kuonyesha wageni? Nakujua. Sisi huku tu wazima. Mjukuu wako Mghoi ameota jino la pili, na siku hizi akilia hunitazama usoni kuhakikisha namsikia. Babake ana zamu bandarini wiki hii, tunapishana mlangoni mmoja akiingia na mwingine akitoka. Mimi nimechoka, sitakuficha, lakini ni uchovu wa kukosa usingizi tu, hauna ugonjwa ndani yake.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu ukisikia sauti yangu nzito unaanza kulia, nami nalia, salio linakwisha na hatujaongea kitu. Jirani yangu anapanda Wundanyi kesho, atakupa barua hii mkononi. Keti kwanza, uisome mpaka mwisho.

Najua Kaka Mwakio alikupigia Jumapili. Alikuambia nimeuza ankara ya lori letu kwa watu wa pesa, kwamba sasa wanazitaka pesa zao, na lori lililonunuliwa kwa kiinua mgongo cha Baba litachukuliwa. Nasikia pia Jumamosi hii jirani wa ng'ambo anakuletea karatasi za kumuuzia shamba la mtoni utie sahihi. Mama, usitie. Kaka hakukudanganya, lakini hakukwambia yote. Na mimi pia sijakwambia yote, ndiyo maana leo nimeshika kalamu.

Kazi yetu iko hivi. Mwakio anabeba mzigo, mimi nakaa Mbaraki kwenye ile meza tunayogawana na muuza matairi, naandika ankara. Mwenye mzigo hatulipi siku hiyo. Analipa baada ya miezi miwili, akipenda. Lakini dizeli haijui miezi miwili. Kwa hiyo ipo kampuni inayotununulia ile ankara: inatupa sehemu kubwa ya pesa ndani ya siku mbili, inabakisha kidogo, na muda ukifika mwenye mzigo anawalipa wao, si sisi. Wanakata chao, kisha wanatupa ile iliyobaki. Si riba ya vichochoroni, Mama. Ila kuna sharti moja: mwenye mzigo akikataa kulipa kwa kosa letu, zile pesa tunazirudisha, na dhamana ni lori.

Sasa kosa. Mwakio alibeba mchele wa Bwana Feisal, mfanyabiashara wa Mji wa Kale, kutoka godauni ya Mbaraki hadi stoo yake ya Taveta. Njiani mvua ikanyesha na turubai letu lina tundu, lile nililomwambia alishone tangu Pasaka. Mifuko kumi na minne ikalowa. Mtunza stoo akapiga muhuri mbele ya karatasi ya kupokelea mzigo, na nyuma yake akaandika kwa kalamu ya risasi: mifuko kumi na minne imelowa. Kaka aliporudi nikamuuliza, "Na haya ya nyuma?"

"Hayo tushayamaliza," akasema. "Tulikunywa chai na yule mtunza stoo, ni mtu wangu. Wewe peleka tu."

Unajua desturi ya hawa madereva wetu. Jambo likizungumzwa juu ya chai limekwisha, hakuna haja ya kuandikiana. Lakini kikombe cha chai hakina muhuri, Mama. Nililijua hilo. Siku ile Mghoi alikuwa na homa, mkononi sina hata ya dawa, na nilijua kampuni ikiuona upande wa nyuma haitainunua ile ankara. Nikapiga picha upande wa mbele peke yake, nikatuma. Hilo sikumwambia mtu. Naona haya kukuandikia, maana si hivyo ulivyonilea.

Miezi miwili ikatimia, Bwana Feisal akakataa kulipa hata senti. Dada Faith wa ile kampuni, ndiye anayeshughulikia ankara zetu, akanipigia. Hakunifokea, na hilo likanitia hofu zaidi. Akasema, "Wakesho, mteja anasema mzigo ulifika na kasoro. Karatasi yako haina kasoro. Nani anasema kweli?" Nikamwambia nipe siku moja. Kaka akasikia, akapaparika, ndipo akakupigia wewe.

Jumatatu nikamfunga Mghoi mgongoni kwa leso, nikamwambia Kaka twende wote Mji wa Kale. Njia nzima ananiuliza, "Tutasema nini?" Nikamwambia, "Wewe utasema hujambo, mengine niachie."

Bwana Feisal ofisi yake iko ghorofani, ngazi zenyewe zimesimama wima kama za kupandia mnazi. Nilifika juu natweta. Ni mtu wa adabu sana, Mama. Aliuliza hali yangu, hali ya mume, hali yako wewe asiyekujua, kahawa ikaletwa, halua ikaletwa, ndipo mazungumzo yakaanza.

"Na huyu bibi mdogo aitwaje?"

"Mghoi."

"Mashaallah. Mwanangu, mie sikatai kulipa usafiri. Nakataa kulipa kana kwamba mchele wangu umefika mkavu. Huyu ndugu yako kanywa chai na mtu wangu, lakini chai yenyewe kainunua mtu wangu!"

Kaka akainama akatazama viatu vyake. Nilitaka kucheka nikajizuia.

Kisha mzee akafungua mtoto wa meza. "Basi tufanye kiungwana. Tukate hasara ya mifuko kumi na minne, hii iliyobaki nakupa sasa hivi mkononi. Hao wa katikati wa nini? Mimi na nyinyi tunajuana."

Kaka akanikanyaga mguu chini ya meza. Akaninong'oneza kwa Kitaita, "Chukua! Chukua twende!"

Mama, pesa zilikuwa pale mbele yangu, na Mghoi ananivuta nywele. Lakini ankara ile si yetu tena, tulishaiuza. Tukipokea sisi, itakuwa tumeuza kitu kimoja mara mbili, na hapo ndipo lori lingechukuliwa kweli, tena kwa haki. Nikasema, "Bwana Feisal, ahsante kwa heshima yako. Lakini pesa hizi si zangu. Ukinipa mimi, deni lako kwao litabaki vilevile, na mimi nitakuwa mwizi wako na wao pia."

Akazirudisha pesa kwenye mtoto wa meza. Akasema, "Basi waite hao wenyewe."

Nikampigia Dada Faith palepale, sauti nikaifungua wote wasikie. Nikamwambia, "Karatasi ina upande wa nyuma. Niliuona. Sikukutumia." Akauliza, "Kwa nini?" Nikasema, "Mtoto alikuwa mgonjwa na sikuwa na pesa. Lakini kosa ni langu, si la mtoto." Kaka Mwakio, Mungu ambariki, akainua kichwa akasema kwa sauti, "Na turubai ni langu, dada. Lilikuwa na tundu." Tangu utotoni sijawahi kumsikia kaka yangu akikubali kosa bila kuchapwa.

Dada Faith akasema angeweza kutufungia mlango siku ile. Lakini kwa kuwa hatukuzipokea zile pesa, atatusikiliza. Bwana Feisal aandike barua ataje anachokubali kulipa na anachokataa. Mimi niandike hati ya kupunguza ile ankara. Mzee awalipe wao moja kwa moja. Upungufu watautoa kwenye ile sehemu waliyotubakishia. Na kuanzia sasa, kabla hawajanunua ankara yetu yoyote, watampigia aliyepokea mzigo wamuulize wenyewe. Nikakubali yote. Bwana Feisal aliandika barua palepale kwa mwandiko mzuri kuliko wa mwalimu, na leo asubuhi Dada Faith amenipigia kwamba pesa zimeingia.

Kwa hiyo lori ni letu, Mama. Mwakio amelipeleka Kibarani kushonewa turubai, na amelipia mwenyewe. Usimseme sana. Aliogopa kukuangusha, akaona shamba ndiyo njia ya haraka. Nimemwambia kwa mdomo wangu, na sasa nakwambia wewe: shamba la mtoni si la kuzibia makosa yetu. Tukikosea tutalipa kwa jasho letu. Wewe lima maharagwe yako.

Ile sehemu waliyotubakishia haikutosha hasara yote. Kijisehemu kilipungua, na kwa kuwa mimi ndiye niliyeficha, nimekilipa mimi. Ni pesa nilizokuwa nimeziweka nije nyumbani Desemba na Mghoi. Hilo ndilo limeniuma kuliko yote, maana hujamshika bado. Lakini sitaki kuja kwa pesa za shamba lako.

Msalimie Shangazi Mkabili, mwambie dawa yake ya tumbo la mtoto imefaa. Mdogo wangu Mwachofi mwambie asiache hesabu, zitamsaidia kuliko mpira. Na mchungaji umshukuru kwa maombi. Yule jirani wa ng'ambo akija Jumamosi mpe chai vizuri, aishushe, kisha mwambie binti yako amekataa. Akikasirika, akasirike na mimi, niko mbali.

Shamba usiuze. Lakini jogoo mmoja hutamkosa, Mama. Uza huyo upate nauli, upande basi, uje wewe. Uje na goti lako hilohilo, nitalikanda mwenyewe.

Ni mimi mwanao, nikupendaye hata ninapokukatalia,
Wakesho