Maji ya Samaki wa Mkwe

Ndiyo Olal, nilimeza! Acha kuuliza. Nilimeza!

Si unajua mkwe wangu Swaib hapa Mengo anafuga samaki wa bahari, ndani ya kioo, sebuleni? Maji yanashuka kwa mpira mpaka tangi ya chini, yanapita kwa kitambaa cha kuchuja uchafu, halafu pampu inayarudisha juu.

Leo niko peke yangu, mpira ukaanza tena kukoroma kama wewe kambini. Maji hayashuki! Juu yanajaa, bado kidole kimoja tu yamwagike kwa kapeti ya binti yangu Habibah. Swichi ya pampu siijui.

Nikasema hii ni hewa tu. Petroli ya gari la polisi nimevuta miaka ishirini, hii itanishinda? Nikachomoa mpira kwa chini, nikavuta na mdomo. Banange! Yakaja yote, na chumvi, na mavi ya samaki!

Nikarudisha mpira haraka kwa kitambaa. Mdomo bado umejaa, mashavu hivi, Swaib huyo mlangoni, anainama: "Baba, habari ya mchana?"

Mkwe, Olal! Nitatema mbele ya mkwe?

Nikameza. Nikajibu, "Nzuri, mwanangu."

Akasikiliza. Mpira haukoromi tena. Maji yanashuka vizuri. "Baba! Fundi alishindwa wiki mbili. Umefanyaje?"

"Ni akili tu."

Tukakaa kula wote. Habibah akanipakulia kwa heshima, akauliza, "Baba, nikuongezee chumvi?"