Masaa Matatu ya Mama

Nives, acha unachofanya usome. Baba amechukuliwa na upepo.

Unamjua Mama. Ukishakula huingii baharini mpaka masaa matatu yapite, usije ukakatwa na tumbo ukazama. Leo mchana Baba kala biringanya za jibini sahani mbili, akataka kuogelea, Mama akamkatalia. Baba akasema, "Basi nipige kasia juu ya ubao wa kuelea, Ivana. Hata sitalowa."

Mama akakubali. Nives, akakubali.

Upepo ulikuwa unatoka nchi kavu, bahari imetulia kabisa. Ubao ukaanza kusukumwa mbali na ufukwe. Mlinzi wa ufukwe akapiga filimbi: "Duilio, shuka! Hapo maji ni ya kifuani tu!"

Mama akamzidi sauti: "Thubutu! Umekula wewe!"

Na Baba akabaki amekaa. Akampungia Mama mkono. Miaka yote anamtii, angeanza leo kumbishia?

Mlinzi akamfuata na mashua, upepo ukamshinda.

Boti ya uokoaji imerudi sasa hivi. Imeleta ubao mtupu.

Mama yuko palepale mchangani, kapakata viatu vya Baba, hataki kuinuka. Ameangalia saa, akaniambia taratibu, "Masaa matatu yameisha. Sasa anaweza kuogelea."